Saa mpya ya fundi wa kujitegemea na maneno ya wapenzi wa saa: ami amsikilize nani?

SWALI: Assalamu alaykum, fundi. Niko Wete, Pemba. Ami yangu anakaa Muscat na ni mpenzi mkubwa wa saa. Karibuni fundi mmoja wa Ulaya anayejitegemea ametoa saa yake ya kwanza ya mkono. Ni ya kutia ufunguo, ina kasha la chuma au la dhahabu, na mwenyewe anasema atatengeneza chache tu kila mwaka. Bei yake mtu anajengea nyumba. Tangu itangazwe, wapenzi wa saa wamegawanyika. Wako wanaosema hawajaona kazi kama ile kwa miaka mingi. Wako wanaosema mashine ya ndani ni ya kununua, imepambwa tu. Wengine wanasema bei ni wizi, na wengine wanamhimiza awahi kabla haijapanda. Ami anataka kutoa arubuni, na ameniambia nikuulize wewe kwa kuwa ndiye uliyekuwa ukimtengenezea babu ile West End yake. Amsikilize nani?

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu, na salamu zangu zimfikie ami yako. West End ya babu yako naikumbuka vizuri. Kama bado mnayo, msiiache kabatini miaka na miaka bila kuitia ufunguo, mafuta yataganda ndani.

Nitajibu kwa urefu, kwa sababu fedha ni nyingi na kwa sababu saa za namna hii nazipenda kwa dhati. Maisha yangu yamepita na lenzi jichoni, na hata leo nikiona kazi iliyotoka mkononi mwa mtu mmoja moyo hunienda mbio.

Ami aanze kwa kujua kwamba karibu wote wanaosema sasa hivi hawajaishika saa yenyewe. Saa ikitangazwa hutoka picha, na picha za mwanzo mara nyingi zimechorwa kwa kompyuta kabla hata saa moja haijakamilika. Kwa hiyo anayesifu anausifu uso, na anayeponda anauponda uso. Kila mtu ana haki ya macho yake, na ami akiona uso haumpendezi, basi suala limekwisha, hana haja ya kusoma zaidi. Lakini ikiwa umempendeza, fedha atakayotoa inakwenda upande wa nyuma, kwenye mashine, na huko ndiko kwa kutega sikio.

Mimi humpa uzito mtu anayetaja jambo ninaloweza kwenda kulikagua mwenyewe. Akisema "kazi ya ajabu", hajanipa kitu. Akisema "tazama kile kipande kinachoshika balansi, kona yake ya ndani imechongwa kwa tupa" (balansi ni lile gurudumu linaloyumba huku na huku kupima wakati), naitafuta picha ya nyuma na kuikuza. Na kwa wapinzani ni hivyo hivyo. "Takataka" si hoja. "Kiduara cha sekunde kimekaa pale pale kinapokaa kwenye Unitas", mashine moja ya kununua nitakayoieleza sasa hivi, ni hoja, na dakika mbili zinatosha kuikagua.

Nianze na hiyo, maana ndiyo tuhuma nzito kuliko zote. Saa nyingi zenye majina, hata za bei kubwa, zimebeba mashine iliyotoka kiwanda kingine. ETA na Sellita za Uswisi na Miyota ya Japani huuza mashine kwa makampuni mengi, na mashine zao ni nzuri. Sellita SW200 hupiga mara 28,800 kwa saa, yaani mara nane kila sekunde, mafundi wengi wanaijua na vipuri vyake vinapatikana. Fundi mdogo anayeanza kwa kawaida huchukua Unitas, ambayo siku hizi inaitwa ETA 6497 au 6498. Asili yake ni mashine ya saa ya mfukoni, upana wake milimita 36.6, ina nafasi ya kutosha ndani, na ukiifungua kila kitu kinaonekana. Ile 6497 huweka kiduara cha sekunde upande wa kushoto wa uso, na 6498 hukiweka chini.

Fundi anaweza kuyatoa madaraja yake yote (ndivyo wanavyoviita vile vipande vya juu vinavyoshikilia magurudumu), akakata mapya kwa umbo analolitaka, akayapamba, akabadilisha na balansi. Asiyejua ataona mashine mpya kabisa. Lakini magurudumu hayahami. Umbali baina ya ufunguo, pipa la kamani (springi inayoiendesha saa), gurudumu la katikati na gurudumu la sekunde hubaki ule ule, na aliyeifungua Unitas mara nyingi huitambua kama anavyomtambua jirani yake. Kwa hiyo mtu akitoa tuhuma hiyo na akaweka picha mbili sambamba, ya mashine hii na ya Unitas, ami amsikilize kwa makini. Akisema tu bila kuonyesha, aachane naye.

Kuna jengine la kutazama usoni penyewe. Ikiwa saa ni pana lakini kiduara cha sekunde kimebanana karibu na katikati, na pembezoni pamebaki uwanja mtupu, basi ndani mna mashine ndogo iliyotiwa kwenye kasha kubwa. Fundi aliyebuni mashine yake kwa ajili ya saa hiyo hana sababu ya kuviweka vitu namna hiyo.

Kutumia mashine ya kununua hakuna aibu, ikiwa fundi amesema wazi na bei inalingana na ukweli huo. Wengi walio wakubwa leo walianza hivyo. Aibu ni kuandika "nimetengeneza kila kitu mwenyewe" hali si kweli. Na hapa nampa ami swali moja la kumuuliza fundi huyo: kamani umeitoa wapi, na ule waya wa balansi, mwembamba kama unywele, umeutoa wapi? Karibu kila fundi duniani hununua vitu hivyo, na pia vito na kioo, kwa wanaoshughulika navyo tu. Aliye mkweli atajibu bila kusita kwamba amenunua kwa fulani na fulani, kisha atakwambia kwa furaha ni vitu gani alivyovitoa mwenyewe kwenye kerezo yake. Jibu likija la kuzungukazunguka, ami ameshapata jibu.

Maneno "Swiss Made" usoni nayo yasimtulize. Tangu mwaka 2017 sheria ya Uswisi inataka angalau asilimia 60 ya gharama za kutengeneza saa ziwe zimetumika Uswisi. Sheria hiyo haigusi kabisa suala la nani kakata gurudumu, na kwa chombo gani.

Sasa nije kwenye mapambo ya chuma, ambako wengi wanaosifu wamejikita, na ambako mimi mwenyewe ndiko ninakotazama kwanza. Simama mbele ya mlango wa kale Mji Mkongwe uitazame nakshi karibu. Mchongaji ametia patasi kutoka pande mbili zikakutana, na pale zilipokutana pamebaki kona kali. Mashine ya kuchonga inayozunguka haiwezi kuacha kona hiyo, kwa sababu ncha yake ni duara na kila inapopinda kwa ndani huacha mviringo. Chuma cha saa kina kanuni ile ile. Kingo za madaraja hukatwa mshazari kisha zikang'arishwa, na kingo mbili zinapokutana kwa ndani, kona ikiwa kali kama wembe, ujue mtu ameketi pale na tupa. Ikiwa ni ya mviringo, mashine ya kuchonga ndiyo iliyofanya kazi, hata ikiwa inang'aa vipi.

Philippe Dufour, bwana wa Vallée de Joux huko Uswisi, hung'arisha kingo hizo kwa kijiti cha jentiana, mmea unaoota katika milima hiyo. Huchonga kijiti, hukipaka dawa ya kusugulia, kisha husugua taratibu mpaka ukingo ukawa kama maji. Saa yake ya Simplicity, iliyotoka mwaka 2000, ina akrabu mbili na sekunde tu, haina tarehe wala mwezi. Wapo walioitazama kwa mbele wakauliza fedha yote hiyo ni ya nini. Waliogeuza nyuma hawakuuliza.

Kisha kuna mng'aro mweusi. Kipande cha chuma cha pua, tuseme kichwa cha parafujo, husuguliwa juu ya sahani ya bati lenye unga wa almasi mpaka kiwe bapa kabisa. Kikiwa hivyo, ukikitazama kwa upande mmoja ni cheusi tititi, ukikiinamisha kidogo kinawaka cheupe chote kwa pamoja, na baina ya hapo hapana rangi ya kijivu. Ukiona kijivu, au nusu imewaka na nusu bado, hakikufika. Picha ya kusimama haiwezi kukuonyesha jambo hili. Ami aombe video ya saa halisi ikiinamishwa polepole chini ya taa moja, bila muziki na bila kukatwakatwa. Fundi anayejiamini ataipiga hiyo hiyo jioni.

Wanaosema bei ni wizi wana hoja mbili ambazo watu huzichanganya. Moja ni kwamba Casio ya plastiki inashika wakati vizuri zaidi. Ni kweli kabisa. Casio F-91W hupotea takriban sekunde 30 kwa mwezi, na kipimo cha COSC, taasisi inayopima usahihi wa saa, kinachosifiwa Uswisi kinairuhusu mashine ya saa kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku moja. Anayetaka wakati sahihi anunue Casio, atakuwa amefanya jambo la akili. Ami hanunui wakati sahihi.

Hoja ya pili ni ya maana zaidi: je, bei inatokana na kazi? Karakana inayotoa saa kumi na kitu kwa mwaka lazima ilipe kodi, mishahara, vyombo na hasara za vipande vilivyoharibika kutokana na hizo hizo kumi na kitu. Bei kubwa ya namna hiyo inaweza kuwa ya haki. Lakini fundi ambaye hajakabidhi saa hata moja kwa mteja, akaweka bei sawa na ya Kari Voutilainen, aliyekwisha kuwatendea watu kazi kwa miongo, mimi namuona ana haraka. Ami alinganishe saa na kazi za mafundi wenye bei hiyo hiyo, asiilinganishe na saa za dukani.

Wanaomwambia "wahi kabla haijapanda" ningewaweka mwisho kabisa wa mstari. Wengi wao wameshatoa arubuni, na kila mnunuzi mpya anaongeza thamani ya nafasi yao. Ni kweli kwamba mwaka 2020 Simplicity moja ilinadiwa Geneva ikavuka faranga milioni moja. Lakini hiyo ilikuwa miaka 20 baada ya saa ya kwanza, na ni mkono wa Dufour. Na upande wa pili pia, kimya au dharau ya mwanzo haithibitishi kitu. George Daniels, fundi Mwingereza, alipobuni njia yake ya kuachia nguvu ya kamani katika miaka ya 1970, makampuni makubwa yalisitasita miaka mingi, mpaka Omega ilipoitia kwenye saa zake mwaka 1999. Rexhep Rexhepi, kijana aliyezaliwa Kosovo, alifungua karakana yake ya Akrivia Geneva mwaka 2012, na mwaka 2018 saa yake ikachukua tuzo ya saa ya kiume katika mashindano makubwa ya Geneva. Miaka ilipita hapo katikati. Ami asinunue kwa kutarajia faida. Anunue ikiwa angeridhika kuivaa hata kama hakuna atakayeitaka tena.

Kuna mambo ambayo wasemaji wa Geneva na Singapore hawayataji kwa sababu hayawahusu, nayo kwetu sisi ni ya kila siku. La kwanza dhahabu. Kauli inayofuatwa na wengi wetu ni kwamba mwanamme havai dhahabu, kwa hiyo kasha la dhahabu liondoke mezani, achukue la chuma. Lakini aulize na ndani. F.P. Journe, fundi wa Geneva, kwa mfano, tangu mwaka 2004 hutengeneza mashine zake nyingi kwa dhahabu nyekundu, na mafundi wengi hutia vipande vya dhahabu ndani hata kasha likiwa la chuma. Hukumu yake amuulize shekhe wake, mimi ni fundi wa saa tu, ila ajue kabla ya kulipa.

La pili maji. Saa za namna hii nyingi huandikwa mita 30, na watu hudhani unaweza kuzama nayo. Mita 30 ni kipimo cha maabara, saa imetulia na raba zake za kuzuia maji ni mpya. Saa ya kutia ufunguo kila siku unauzungusha ufunguo, na kila unapouzungusha unaisugua raba ndogo iliyomo ndani yake. Baada ya miaka michache raba hiyo imelegea, na mtu anatia udhu mara tano kwa siku. Avue saa kabla ya udhu, aiweke mfukoni, kila mara. Na anapokuja huku nyumbani kipindi cha masika, kutoka chumba cha kipoza hewa hadi nje, atazame kioo. Ukungu mdogo ukionekana kwa ndani, hata ukiondoka wenyewe baada ya dakika tano, raba zimeshakwisha. Hewa yetu ina chumvi, na kutu ikianza kwenye shina la ufunguo haisubiri. Mkanda wa ngozi ya mamba alioletewa nayo auweke nyumbani, huku avae wa raba.

Simu pia. Kifuniko cha simu chenye sumaku kikilala karibu na saa usiku kucha, waya wa balansi unaweza kushika sumaku, mizunguko yake ikashikana, na saa ikaanza kuwahi dakika kadhaa kwa siku. Hilo halihitaji kupelekwa Ulaya, kifaa cha kuondolea sumaku mafundi wengi tunacho, na saa haifunguliwi.

Kufungua ndiko nisikotaka. Si mimi, si fundi yeyote wa Darajani, si wa Muscat. Tunaweza kuisafisha Seiko 5 au West End kwa sababu kipuri kikivunjika tutakipata kwenye saa nyengine. Kwenye saa ya fundi mmoja hakuna saa nyengine. Parafujo ikichubuliwa kichwa, ule mng'aro mweusi wa siku nzima umekwenda. Kwa hiyo kila miaka mitano hivi saa itasafiri kurudi kwa aliyeitengeneza, kwa bima, na ikirudi ipite forodhani. Ami aingize gharama hiyo kwenye hesabu zake tangu leo.

Na hapo ndipo penye swali ambalo sijaona anayesifu wala anayeponda akiliuliza: fundi huyu akifariki, au karakana ikifungwa, nani atairekebisha saa hii? Daniels alifanya kazi kwenye kisiwa cha Man, kisiwa kidogo kuliko hata Pemba, kilichoko baharini baina ya Uingereza na Ireland. Alifariki mwaka 2011. Mwenye saa ya Daniels leo hajakosa pa kwenda, kwa sababu Roger Smith alijifunza na kufanya kazi naye, na bado yupo kisiwani humo humo akitengeneza saa kwa njia za mwalimu wake. Fundi mpya anayefanya kazi peke yake, bila mwanafunzi, bila michoro aliyoihifadhi mahali, anakuuzia saa ambayo umri wake umefungwa na umri wake yeye.

Kutoa arubuni kwenyewe hakunitishi. Breguet, fundi wa Paris, mwishoni mwa karne ya 18 aliuza saa za akrabu moja kwa kuchukua robo ya bei mteja anapoagiza, na Journe mwaka 1999 alianza kampuni yake kwa saa 20 alizoziuza kwa wateja waliotanguliza fedha. Ni desturi ya kazi hii, maana chuma na mishahara hulipwa kabla. Ninachotaka ni maandishi. Ami amwandikie fundi barua, ataje robo ya bei kama arubuni, na asivuke hapo. Aombe iandikwe tarehe ya kukabidhiwa na nini kitarudishwa ikipita. Aombe orodha ya sehemu alizotengeneza mwenyewe na alizonunua. Aombe iandikwe nani mwengine ana michoro na vipuri. Vyote hivyo ni kurasa mbili, na fundi aliyefikiria kazi yake kwa muda mrefu ana majibu tayari kichwani. Akigoma kuandika lile la mwisho, ami abaki na fedha yake, hata kama kona za ndani ni kali namna gani.

Video ikipatikana, nitumie. Nitaitazama kwenye skrini kubwa na nitakwambia ninachokiona kwenye vichwa vya parafujo.